Kabla Hujapiga Namba ya Kwanza: Ya Kufanya na Kutofanya Unapotafuta Huduma Mtandaoni

Saa nane na nusu usiku, mwanangu wa miaka minne amebanwa kifua, niliandika kwenye simu maneno matatu: zahanati karibu nami. Ramani ikanipa moja papo hapo. Nyota nne na nusu, wazi saa 24, dakika sita kwa gari. Tulipofika, geti la bati lilikuwa limefungwa kwa mnyororo uliokwisha kushika kutu. Mlinzi wa jengo la jirani akatuambia walihama mwaka jana. "Pole mama," akasema, "nyinyi siyo wa kwanza." Kwenye kiti cha nyuma mtoto alikuwa akivuta pumzi hadi nyama ya katikati ya mbavu inazama, na simu mkononi mwangu ilikuwa imeshatangaza, kwa sauti tulivu, kwamba tumefika.

Mtoto alitibiwa, namshukuru Mungu, katika hospitali ambayo tuliipita njiani tukiwa tunaifuata ramani. Taa zake zilikuwa zinawaka. Niliziona na sikusimama, kwa sababu simu ilikuwa inaniambia niendelee mbele.

Kutafuta huduma mtandaoni ni mwanzo wa kuulizia. Wengi wetu tumeugeuza kuwa mwisho. Mtu anaandika "fundi bomba Tabata", anabonyeza jina la juu, anatuma hela, kisha anakaa dirishani kusubiri mtu ambaye hakuwa na nia ya kuja. Haya yafuatayo ndiyo ninayowaambia watu wa nyumbani kwangu, na kwangu hayana mjadala.

Tafuta kabla ya shida.
Siku ya kumtafuta fundi bomba ni siku ambayo bomba halijapasuka. Ukiwa na shida huchagui, unachaguliwa. Kaa Jumamosi moja na simu yako, tafuta fundi bomba, fundi umeme, fundi friji, duka la dawa lisilofunga usiku, kituo cha afya, dereva wa bajaji anayeamka akipigiwa. Mpigie kila mmoja. Hicho kituo cha afya kipigie saa nne usiku usikie kama kuna anayepokea, maana saa nne asubuhi kila mtu anapokea. Kisha andika namba hizo kwenye karatasi, kwa kalamu, ubandike nyuma ya mlango wa jikoni. Bando huisha. Chaji huisha. Dada anayekaa na watoto hana nywila ya simu yako. Na kwenye karatasi hiyo hiyo andika zile ambazo hazihitaji kutafutwa kabisa: 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Anayeingia mtandaoni kutafuta namba ya zimamoto wakati jiko linawaka anapoteza dakika zenyewe ambazo angeziokoa.

Usiliamini neno "wazi".
Saa za kazi unazoziona kwenye ramani ziliandikwa na mwenye biashara siku aliyojisajili, au ziliwekwa kwa pendekezo la mpita njia. Hakuna anayesimama mlangoni kila jioni kuangalia kama taa zinawaka. Biashara inahama, inafilisika, mwenyewe anafariki, na alama yake nyekundu inabaki palepale ikiita watu. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Simu isipopokelewa, kwako hapo pamefungwa.

Andika mahali kama wenyeji wanavyopaita, na uandike vyote viwili, mtaa na kituo.
Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Moja ni Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Nyingine ni Mbezi ya Kimara, wengine huiita Mbezi Luis, upande wa Barabara ya Morogoro, kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Anayeandika "fundi AC Mbezi" tu anaweza kuletewa mtu wa kuvuka jiji zima kwa foleni ya jioni, na nauli hiyo atalipa yeye, maana fundi ataiweka ndani ya bei. Tabata nayo siyo moja: kuna Bima, Kimanga, Kisukulu, Segerea. Andika "fundi AC Mbezi Beach Makonde". Andika "fundi bomba Tabata Kimanga". Yale maneno "karibu nami" yanategemea simu ijue ulipo, na simu iliyozimiwa huduma ya mahali inakisia tu.

Tena andika kwa lugha iliyo kwenye vibao. Kibao cha dukani kimeandikwa "fundi friji", hakikuandikwa kwa Kiingereza cha vitabuni. Ukitafuta kwa Kiingereza utawapata wenye tovuti nzuri, na wenye tovuti nzuri wana bei ya tovuti nzuri. Jaribu mara mbili, Kiswahili na Kiingereza, uone majina yanavyobadilika. Tangu kazi ya anwani za makazi ilipofanywa kuelekea Sensa ya Agosti 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba. Itumie anwani yako. Ipo kwenye kibao cha ukutani au kwenye programu ya NaPA, na inampunguzia fundi kisingizio cha "nimepotea".

Usimchukue wa kwanza kwa sababu tu ni wa kwanza.
Google wenyewe wanaeleza jinsi wanavyopanga biashara za karibu: wanatazama zinavyolingana na ulichoandika, umbali wake kutoka ulipo, na umashuhuri wake, ambao ndani yake mna idadi ya maoni na nyota. Soma tena mambo hayo matatu. Ufundi haumo. Uaminifu haumo. Na juu kabisa mara nyingi kuna majina yaliyolipiwa, yenye alama ndogo ya tangazo ambayo jicho lenye haraka haliioni. Ivute orodha chini. Fika mpaka jina la saba, la nane. Mwenye kibanda chake cha kona ambaye mpwa wake alimsajili mwaka juzi na hakurudi tena kuweka picha yuko huko chini, na huenda ndiye anayekaa jirani nawe kuliko wote.

Soma maoni ya wateja kama unavyosoma mkataba wa nyumba.
Mwaka 2017 mwandishi mmoja wa London, Oobah Butler, alisajili mgahawa kwenye TripAdvisor. Mgahawa haukuwapo. Kilichokuwapo ni kibanda cha uani alichokuwa anaishi, eneo la Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu visivyolika, pamoja na povu la kunyolea ndevu, na sifa ziliandikwa na marafiki zake. Kabla mwaka haujaisha, kibanda kile kilikuwa cha kwanza kati ya migahawa yote ya London kwenye orodha ile, na simu ya Butler ilikuwa haitulii kwa watu wanaoomba meza. Njia aliijua kwa sababu zamani aliwahi kulipwa pauni 10 kwa kila sifa ya uongo aliyowaandikia wenye migahawa. Kama London yenye magazeti na wakaguzi wa vyakula iliwezekana, sioni kwa nini isiwezekane Sinza.

Basi angalia tarehe. Sifa kumi na tano zilizoandikwa ndani ya wiki moja, kisha kimya cha miezi minane, ni sifa za kununuliwa au za ndugu. Angalia maneno. Mteja wa kweli anataja kitu: "alirekebisha pampu, akarudi siku ya pili ilipovuja". Mteja wa kutengenezwa anasema "huduma bora sana, nawapenda". Nenda moja kwa moja kwenye nyota mbili na tatu, maana huko kuna watu wasio na hasira wala mapenzi, wanaoeleza kilichotokea. Na soma mwenye biashara anavyowajibu waliolalamika. Anayemtukana mteja mbele ya dunia nzima, wewe sebuleni kwako atakufanyaje?

Mpigie, kisha sikiliza anavyouliza.
Kwenye hili nitakawia kidogo, kwa sababu ndilo lililoniokolea friji na ndilo ambalo watu wanalidharau.

Friji yangu ilikuwa inatoa mlio mdogo, tik, kisha inanyamaza, baada ya dakika chache tik tena. Haigandishi. Niliandika, nikapata majina, nikapiga matatu. Wa kwanza, mwenye nyota nyingi kuliko wote, hakuniuliza hata aina ya friji. Alisema, "Hiyo kompresa imekufa, andaa laki tatu na nusu, nitumie nusu nikununulie." Wa pili alitaka nauli kwanza ndipo tuzungumze. Wa tatu, ambaye kwenye ramani alikuwa na picha moja tu, ya mlango wa duka lake, aliniuliza: taa ya ndani inawaka? Umeme wa kwenu unashuka jioni? Ukiweka mkono nyuma, chini, pale kwenye kompresa, pana joto? Huo mlio unafuatana na mngurumo mfupi au ni tik peke yake? Nilimjibu huku nimepiga magoti nyuma ya friji, simu sikioni.

Alikuja na mfuko wa kitambaa na mita ya kupimia umeme. Akafungua kifuniko kidogo pembeni ya kompresa, akachomoa kidude cheusi kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, akakitikisa karibu na sikio langu. Kikalia kama njuga. "Hii ndiyo rilei," akasema, "ya kuiwashia kompresa. Ikiwa nzima haipigi kelele ndani. Hii imepasuka." Akaniomba tuongozane dukani, mtaa wa pili, nikanunua mwenyewe, nikaona bei mwenyewe. Kompresa ilikuwa nzima, na mpaka leo inafanya kazi.

Fundi anayejua kazi huuliza kabla hajataja bei, kwa sababu bila majibu hawezi kuijua. Anayetaja bei kabla ya kuuliza anaipima mifuko yako. Kwa hiyo mpigie usiku mmoja kabla kama unaweza, mweleze tatizo kwa maneno ya kawaida, kisha nyamaza. Hesabu maswali yake. Halafu wewe umuulize mawili: akishindwa kurekebisha utalipa kiasi gani, na kile kifaa kibovu atakuachia? La pili hili likazanie. Kifaa kibovu ni chako, na fundi asiyetaka ukione ana sababu.

Usitume hela kwa mtu ambaye hujamwona uso wala hujaona kazi yake.
Si nauli. Si "kianzio". Si hela ya vifaa. Si hela ya dalali ya kwenda kuona nyumba ambayo picha zake zimeshaonekana kwenye kurasa tano tofauti, kila ukurasa na kodi yake. Mtindo wa chumba na sebule kilichopangishwa watu wanne kwa wakati mmoja unaendelea kwa sababu watu wanne wanatuma hela kwa wakati mmoja, kila mmoja akiogopa kuwahiwa. Dalali akikuambia kuna mwingine yuko njiani na hela mkononi, mwache huyo mwingine achukue.

Ukishamwona mtu na kazi, lipa kwa njia inayoacha alama. Ukilipa kwa simu, jina hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa? Simama hapo hapo, uliza. Nchi nzima imeshachoshwa na ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii", na bado kila siku kuna anayetuma, kwa sababu ujumbe umemkuta kweli akiwa na pesa ya kutuma. Namba inayokutapeli itume kwenda 15040, ifanyiwe kazi. Na namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako zikague kwa *106#, usije ukawa ndiye unayetafutwa kwa utapeli wa mwingine.

Usitafute namba ya huduma kwa wateja kwa kuandika jina la kampuni.
Benki imekukata hela, una hasira, unaandika jina la benki na "huduma kwa wateja", unaipiga namba inayotokea kwenye ukurasa wowote wenye nembo. Nembo inanakiliwa kwa sekunde moja. Anayepokea ni mpole kuliko mfanyakazi wa kweli, na baada ya dakika mbili anataka tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe wako. Namba ya benki ipo nyuma ya kadi yako. Ya mtandao wa simu ni 100, ipige kwa laini yenyewe. Ya umeme na maji ipo kwenye bili na kwenye ofisi ya wilaya yako. Zile tarakimu za uthibitisho hazisomwi kwa sauti kwa mtu yeyote, awe mpole namna gani.

Na kwa wanaotafuta mtandaoni "mtu wa kuniunganishia umeme haraka": huyo mtu ana jina siku nyingi, anaitwa kishoka. Maombi hupelekwa TANESCO, na malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, hayatumwi kwenye simu ya mtu. Anayekupa namba yake binafsi amekwisha kukueleza yeye ni nani.

Dai leseni pale ambapo kosa linaua.
Kwa kushona pazia sihitaji leseni. Kwa nyaya za nyumba ninamolala na watoto, naihitaji. Mafundi wa kufunga mifumo ya umeme hupewa leseni na EWURA, kwa madaraja, na mwenye nayo haoni haya kuitoa mfukoni. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wakili hutafutwa kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kazi ya dakika mbili, nawe ulikuwa tayari kumkabidhi hati ya kiwanja bila dakika hizo mbili. Mkandarasi wa nyumba aulizwe usajili wake wa CRB. Walio Kenya waulize EPRA kwa fundi umeme na KMPDC kwa kliniki. Ukurasa wenye wafuasi laki moja siyo usajili. Kliniki inayotangaza kutibu sukari, presha, ugumba na mapepo kwa dozi moja, hata ikiwa ya kwanza kwenye kila orodha, usiikaribie na usimpeleke mama yako.

Usimpe mgeni ratiba ya nyumba yako.
Unapoulizia fundi hadharani, usiandike "niko peke yangu na watoto, mume kasafiri". Usitume alama ya nyumba yako kwa watu saba kabla hujachagua mmoja. Mkutane kituoni au dukani, kisha muongozane. Jirani ajue kwamba kuna fundi ndani.

Muulize jirani hata kama simu imeshakujibu.
Mafundi wengi wazuri wa jiji hili hawako mtandaoni hata kidogo. Nenda kwa muuza vifaa vya mabomba mtaani kwenu. Yeye ndiye anayejua nani hununua koki nzuri na nani hununua ya bei ya chini kisha akaandikisha risiti ya bei ya juu, maana wanapita mbele ya meza yake kila siku. Mjumbe anajua. Mama anayeuza chapati anajua fundi yupi alifukuzwa kwenye nyumba ipi. Hayo hayana nyota wala picha, na mimi nayathamini kuliko maoni mia mbili.

Ukiwa mbali, kopa macho.
Uko Muscat au Minneapolis, unajenga Kigamboni, na msimamizi umempata kwenye mtandao. Picha anazokutumia zinaweza kuwa za msingi wa mtu mwingine. Mtume ndugu au rafiki, bila taarifa, afike na asimame kwenye kiwanja chenyewe, awashe video, aanzie barabarani akitembea mpaka ukutani. Kiwanja kabla ya kukinunua kifanyiwe upekuzi ofisi ya ardhi, na mwenyekiti wa mtaa aulizwe ana kwa ana. Hela ifuate hatua iliyokwisha kuonekana.

Rekebisha ramani, na andika maoni ya kweli.
Wengi hatufanyi hili, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nimehudumiwa na mafundi waaminifu kwa miaka na sikuwahi kuwaandikia hata mstari mmoja, wakati wajanja wanajiandikia kila wiki. Ukihudumiwa vizuri, andika jioni ile ile: kazi gani, mtaa gani, tarehe gani, ulilipa kiasi gani, imedumu au haijadumu. Ukihudumiwa vibaya, andika kilichotokea bila kutukana na bila kuongeza chumvi, maana anayefuata anahitaji ukweli wako zaidi ya hasira zako. Yule fundi wa rilei nilimwandikia, nikampiga picha ameshika kile kidude cheusi, kwa idhini yake.

Na alama ya biashara iliyokufa, iondoe. Kwenye ramani kuna sehemu ya kupendekeza marekebisho, unachagua kwamba pamefungwa kabisa au pamehama, unatuma. Asubuhi ile baada ya hospitali, mtoto amelala, nilirudi peke yangu kwenye lile geti la bati nikapiga picha ya mnyororo nikaituma pamoja na pendekezo. Mlinzi alinitambua. Nilimuuliza ni wangapi waliokuja pale usiku kabla yetu. Akahesabu kwa vidole, akavimaliza vya mkono mmoja, akaanza vya mkono wa pili. "Yupo mmoja," akasema, "alikuja na mtoto mgongoni, kwa miguu."